Magari ya Farao Yamefika: Je, Nipande?

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Soma: Mwanzo 45:16 hadi 46:7, Mwanzo 26:1–12, Mwanzo 31:1–16, Luka 14:28–30



Wiki hii tunasoma habari ya mzee aliyepata nafasi ya kwenda nje ya nchi. Nimechagua somo hili kwa sababu tangu mwaka uanze, karibu kila Jumapili baada ya ibada kuna mtu ananivuta kando nje ya kanisa. Leo ni Saudia, kesho ni Qatar, mwingine ni Ujerumani. Swali ni moja: “Mchungaji, niende ama nisiende?” Sitajibu swali hilo kwa niaba ya mtu. Lakini Biblia inatuonyesha mahali pa kusimama kabla ya kulijibu.

Yakobo alikuwa na kila sababu ya kwenda Misri. Njaa ilikuwa katika mwaka wa pili, na mitano ilikuwa imebaki. Mtoto aliyemlilia zaidi ya miaka ishirini ameonekana, yuko hai, tena ni mkubwa katika serikali. Farao mwenyewe ametuma magari, chakula cha njiani kipo, na makao yameahidiwa. Kwa lugha ya siku hizi: viza iko, tiketi iko, mwajiri ni serikali, na aliyemtafutia nafasi ni mtoto wake wa kuzaa, si broka wa stendi ya Kitale. Nani hapa Saboti angekataa?

Mzee alipoyaona magari, roho yake ikafufuka, akafunga safari. Sasa angalia mahali aliposimama. Sura ya 46, mstari wa kwanza: alifika Beer-sheba akatoa dhabihu kwa Mungu wa baba yake Isaka. Beer-sheba iko kusini, ukingoni mwa nchi ya ahadi. Ukiipita unaingia jangwani, na mbele ya jangwa ni Misri. Yaani ilikuwa karibu mahali pa mwisho ambapo bado angeweza kugeuza magari arudi nyumbani bila hasara kubwa. Hapo ndipo aliposimama, na hapo ndipo Mungu aliposema naye usiku.

Kwa nini alisimama, na kila kitu kiko tayari? Nadhani ni kwa sababu alijua historia ya nyumbani kwao. Babu yake Abrahamu aliteremka Misri wakati wa njaa bila kuambiwa aende. Alipofika akadanganya kwa sababu ya hofu, na mke wake akachukuliwa nyumbani kwa Farao (Mwanzo 12). Baba yake Isaka naye alipata njaa, lakini yeye Mungu alimwambia wazi asiteremke Misri. Akabaki Gerari, akapanda mwaka huo huo, akavuna mara mia. Ni nchi ile ile na njaa kama ile ile. Mmoja alikwenda akaaibika, mwingine aliambiwa abaki. Na sasa Yakobo anaambiwa asiogope, ateremke.

Kwa hiyo wale wanaohubiri kwamba kwenda majuu ni kukosa imani, wasome Mwanzo 46. Na wale wanaosema kubaki ni uvivu, wasome Mwanzo 26. Niongeze jambo moja hapa, kwa maana Isaka ametumiwa vibaya sana. Isaka alikuwa na mbegu na mahali pa kupanda. Usimwambie dada yako mwenye njaa “baki upande kama Isaka” kabla hujamuuliza kama ana hata robo ekari. Na kama unayo ambayo hujaitumia msimu huu, tunajua la kufanya.

Jambo ninalotaka tulishike leo ni hili: uamuzi ni uamuzi ukiwa bado unaweza kusema hapana. Yakobo alimuuliza Mungu akiwa Beer-sheba, hakungoja kumuuliza akiwa Misri. Wengi wetu tunauliza tukiwa tayari tumevuka. Tumekopa, tumekodisha shamba, tumefanyiwa harambee, tumeombewa mbele ya kanisa lote, halafu usiku wa mwisho tunapiga magoti kusema, “Bwana, mapenzi yako yatimizwe.” Hapo si maombi ya kuuliza njia. Ni kuomba baraka juu ya njia ambayo hatuwezi tena kuiacha.

Niwape mfano. Simtaji jina, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Ni dada mshonaji mwenye mtoto wa darasa la pili, anaishi na mama yake. Broka alimwambia kuna kazi ya hoteli Qatar, mshahara riyali 1,500, atoe shilingi 45,000 za “kufungua faili.” Mama akakodisha nusu ekari kwa misimu mitatu, pesa ikapatikana. Ushirika ukafanya harambee ya vitu vya safari. Jumapili tukamuombea. Jumatano mkataba ukaja kwa simu: kazi ya nyumbani, nchi ni Saudia, mshahara riyali 900. Broka akasema, “Kazi ni kazi. Ndege ni Ijumaa. Amua leo.”

Alikuja kwangu na mama yake jioni hiyo. Hakuwa analia kwa sababu ya riyali 900. Alisema, “Mchungaji, nikikataa nitawaangalia watu aje? Kanisa limenichangia. Shamba la mama limeenda.”

Mama yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, ndiye aliyemjibu. “Mwanangu, shamba litarudi baada ya misimu mitatu. Wewe ukienda vibaya, nani atakurudisha?”

Dada huyo hakwenda. Zile 45,000 hazijarudi mpaka leo, na simu ya broka haiingii. Sisemi kila anayekataa hubarikiwa kesho yake. Cherehani yake iko pale pale na karo bado ni shida. Ninachotaka muone ni uzito uliokuwa shingoni mwake jioni ile. Si Mungu aliyemfunga. Ni deni, na aibu, na sisi kanisa kwa upendo wetu. Ndiyo maana nimewaomba wazee wa kanisa, na wamekubali, kwamba kuanzia sasa hatutafanya maombi ya kuaga wala harambee mpaka mkataba uwe umesomwa na watu wawili mbali na anayesafiri. Na anayebadilisha nia baada ya kuombewa, michango yake haidaiwi na mtu yeyote.

Kuhesabu gharama

Katika Luka 14 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi, akahesabu. Wacha tuketi.

Tuseme dada amekopa 80,000 kwa shailoki, riba asilimia 20 kwa mwezi, na riba inahesabiwa juu ya zile 80,000 za kwanza. Kila mwezi riba ni 16,000. Amesafiri, na mshahara wa kwanza umeshika nyumbani baada ya miezi miwili. Deni sasa ni 112,000. Riyali 900 ni kama shilingi 31,000 hivi kwa bei ya siku hizi. Anabakisha 6,000 ya mtoto, anatuma 25,000 kwa shailoki. Katika hizo, 16,000 ni riba ya mwezi huo. Deni limepungua kwa 9,000 tu. Gawanya 112,000 kwa 9,000. Ni miezi kumi na mitatu. Ukiongeza ile miwili ya kwanza, amekaa mwaka mmoja na miezi mitatu katika mkataba wa miaka miwili akimfanyia kazi shailoki wa hapa Kitale, na amevuka bahari kufanya hivyo.

Na hiyo ni kama kila kitu kimekwenda vizuri. Kama mwajiri ni mbaya, mwenye deni hawezi kusema “narudi.” Anavumilia mambo ambayo mtu huru hangevumilia. Ndiyo maana nasema deni linakula uamuzi kabla halijakula mshahara.

Tena jueni hili: kwa kazi ya nyumbani Saudia, utaratibu ni kwamba mwajiri ndiye anayegharamia viza na tiketi ya ndege. Ukiona mtu anakutoza pesa nyingi kwa hivyo, muulize inalipia nini, na akupe risiti yenye jina la kampuni.

Labani na karatasi

Kuna watu wanafikiri kuuliza maswali mengi juu ya mkataba ni kukosa imani. Hao hawajamsoma Labani.

Labani alikuwa mjomba wa Yakobo, ndugu wa mama yake. Alimkumbatia, akambusu, akamwambia wewe ni mfupa wangu na nyama yangu. Kisha akampa kazi. Yakobo akafanya miaka saba kwa ajili ya Raheli, na asubuhi akaamka na Lea. Baadaye, Mwanzo 31, Yakobo anawaambia wake zake kwamba baba yao amembadilishia mshahara mara kumi. Mara kumi! Na huyo alikuwa mjomba. Sasa ajenti uliyekutana naye kwa WhatsApp?

Sheria yetu haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83 hadi 86, inahusu mikataba ya kazi ya nje. Inataka mkataba huo uwe wa maandishi, upitie kwa afisa wa leba, na afisa ahakikishe kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa wala kulazimishwa, na una afya ya kufanya kazi hiyo. Kumshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba rasmi ni kosa. Ajenti naye lazima awe na leseni, na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, ile watu huita NEA, huweka orodha ya walio na leseni. Usiulize “ofisi yao iko wapi?” Mtu yeyote anaweza kukodisha chumba juu ya duka. Uliza jina kamili la kampuni, kisha uende kwa leba wakuangalizie kama limo katika orodha na kama leseni haijaisha.

Ukiupata mkataba, usome ukiwa umeketi, si stendi. Jina na anwani ya mwajiri ziko? Kazi iliyoandikwa ni ile uliyoambiwa? Mshahara ni kiasi gani, na ni wa pesa ya nchi gani? Kuna siku ya kupumzika? Mkataba ukiisha, nani analipa tiketi ya kurudi? Ukisoma neno usilolielewa, usione haya. Kanisani tuna walimu.

Na usikubali uso wa mtu mkubwa uchukue mahali pa kuuliza. Mwaka wa 2023, hapa jirani tu Eldoret, wazazi waliandamana wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Mpango ule ulikuwa umepitia kwa kaunti, si kwa broka wa mtaani. Wengine walikuwa wameuza ng’ombe na mashamba. Vijana wengine Wakenya walijibu matangazo ya kazi nzuri za ofisini Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli wa mtandaoni. Walikuwa wamesoma, si wajinga.

Nchi unayoiendea ina sheria gani?

Wazee wetu waliotoka Bungoma kuja kufanya kazi katika mashamba ya wazungu huku Trans Nzoia miaka ya 1920 walibeba kipande shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka unahesabiwa umetoroka, ni kesi. Kama kukhu wako alikusimulia, basi umeshaelewa mfumo unaoitwa kafala katika nchi za Ghuba. Kibali chako cha kukaa nchini kinafungwa kwa mwajiri mmoja. Ukimwacha bila ruhusa, wewe ndiye mkosaji.

Lakini nchi hazifanani, na hapa watu wetu hukosa kutofautisha. Qatar iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayetaka kubadilisha kazi mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ina kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000, mbali na chakula na malazi. Saudia nayo ilifanya mabadiliko Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa. Kwa hiyo mlinzi aliyeajiriwa na kampuni na dada anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu hawaendi safari moja, hata kama wamepanda ndege moja. Uingereza tuliwekeana nayo makubaliano ya wauguzi mwaka 2021, na Ujerumani mkataba wa ajira Septemba 2024. Huko swali kubwa ni cheti na lugha.

Mwaka 2021 wizara ya mambo ya nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa kama miaka miwili. Vifo vingi viliandikwa kuwa ni moyo kusimama. Wabunge waliuliza, na sisi tunauliza: moyo wa vijana wa miaka ishirini na kitu unasimamaje hivyo? Siwaambii haya niwatishe. Wapo maelfu waliokwenda wakarudi salama, na hapa kwetu kuna nyumba za mawe zilizojengwa na pesa hiyo. Ndugu mmoja wa ushirika wetu alifanya ulinzi Qatar miaka minne, akarudi na pesa ya kununua posho mill, na kila wiki anasagia wajane bure. Lakini huyo alikuwa amekaa miezi mitatu akifuatilia karatasi kabla ya kutoa shilingi hata moja, watu wakimcheka kwamba anaogopa ndege.

“Nabii ameniona katika ndege”

Tunaamini Mungu anasema leo. Mimi ni Mpentekoste na sitabadilika uzeeni. Lakini Neno linasema wengine wapime (1 Wakorintho 14:29), na 1 Wathesalonike 5:21 inatuagiza kujaribu mambo yote. Mtu akikwambia ameona ndege, msikilize kwa heshima, kisha uende kwa leba vilevile. Unabii wa kweli hauogopi orodha ya NEA. Na kama anayekutabiria ndiye huyo huyo anayekuunganisha na ajenti, funga mkoba wako.

Tazama tena neno Yakobo alilopewa Beer-sheba, 46:3–4. Mungu hakumwambia tu ateremke. Alimwambia atakwenda pamoja naye, na kwamba atampandisha tena. Tena akamtajia kifo chake na mkono utakaomfunga macho. Safari ilizungumzwa mpaka mwisho, na kurudi kukiwamo. Ukiomba juu ya kazi ya nje, usiombee kwenda pekee. Muulize Mungu habari ya kurudi. Na muulize ajenti pia.

Wanaobaki

Yakobo aliwachukua wote, watoto na wajukuu. Wewe mkataba wako hauruhusu hivyo. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, semeni kwa majina: mtoto atalala kwa nani? Si “familia itamwangalia.” Nani? Amekubali mwenyewe ama amekubaliwa? Mume na mke mketi mseme wazi ni miaka mingapi, na mtakuwa mkizungumza lini. Kama mmoja hajaridhika, bado hamjafika Beer-sheba.

Halafu pesa. Mwanzo 31:15, Raheli na Lea wanalalamika kwamba baba yao amewauza na kula kabisa fedha iliyokuwa yao. Kuna familia hapa kwetu zinamfanyia binti hivyo. Anatuma kila mwezi pesa ya ploti, na khocha na kaka wanaila, wakimtumia picha za msingi wa jirani. Anarudi baada ya miaka minne anaulizia nyumba, anaonyeshwa migomba. Fungua akaunti yako mwenyewe kabla hujaondoka. Ya matumizi itume kwa mtu mmoja, ya ploti ibaki kwa jina lako.

Wewe unayekwenda, acha nakala ya pasipoti na mkataba nyumbani, na nyingine kanisani. Kariri nambari mbili za simu kichwani, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa. Pasipoti ni yako. Hata sheria ya Saudia hairuhusu mwajiri kuishika. Ukifika, jiandikishe na ubalozi wetu Riyadh au Doha.

Ya kujadili katika ushirika wiki hii

Kama mko na mtu katika kikundi aliye na ofa mkononi, anzeni na yeye, maswali mengine yangoje. Mwulizeni: ukisema hapana leo, utapoteza nini, na nani atakukasirikia? Msimshauri mpaka amalize kujibu.

Wazazi: kuna mtoto wako anayetaka kukataa safari lakini anakuogopa wewe?

Someni Ruthu 1:1–5. Elimeleki alikwenda Moabu kwa sababu ya njaa. Tafuteni mahali alipomuuliza Mungu. Kisha someni jinsi Naomi alivyorudi, na mseme mtu akirudi kwetu mikono mitupu, kanisa letu humpokea vipi.

Jumatano saa kumi jioni nitakuwa kanisani na walimu wawili. Mwenye mkataba aje nao, tuusome pamoja.